Kopo Moja Mezani

Orrin Tvedt alilala kifudifudi juu ya meza ya kulengea shabaha, bunduki yake imepasuka kando yake. Kipande cha chuma kilikuwa kimemwingia chini ya jicho.

Inspekta Verna Kjelstad alifika kwenye klabu ya walenga shabaha ya Coldwater Butte, Montana, bila hata kunywa kahawa. Kufikia adhuhuri, neno baruti lilikuwa limemtokea puani.

"Nani aliigusa meza yake ya kujazia risasi?"

"Kwanza elewa, Inspekta," mwanachama mmoja alianza. "Baruti ya polepole huisukuma risasi taratibu, mashimo kwenye shabaha yakakaa pamoja. Ukiweka ya haraka..."

"Nimeuliza nani, bwana!"

Karibu kila mwanachama alikuwa na somo lake, na wengi walisema marehemu alikosea kupima baruti alipojijazia risasi zake. Mjane wake, Lavonne, alifoka.

"Orrin akosee? Alipima hata chumvi ya mayai! Mezani aliweka kopo moja tu la baruti, asije akachanganya. Usiwaache wamzike kwa jina la mzembe!"

Majibu ya maabara yalimpa Lavonne haki. Risasi zilizobaki zilikuwa na kipimo sahihi. Baruti ndiyo haikuwa ile iliyoandikwa kwenye kopo: vijiti vyeusi vilevile, ila iliwaka upesi mno.

Kuna mtu alibadilisha. Verna aliyapitia tena mahojiano yale ya kuudhi. Mtu mmoja tu hakumpa somo: Wendell Groff, aliyekuwa akijazia risasi zake karakana moja na marehemu, na ambaye huzungumzia baruti hata kanisani. Yeye alisema tu kwamba mtutu ulikuwa mkuukuu.

Akamwita kituoni.

"Haya Wendell, leo nataka somo. Nifundishe baruti."

Wendell alifungua mdomo, akaufunga.

"Umekuwa bubu tangu lini?"

Akaanza kulia. "Kila mwaka kwenye mashindano yeye wa kwanza, mimi wa pili. Nilimwaga baruti yake, nikajaza yangu katika kopo lake. Isiyoelewana na bunduki yake, basi. Nilitaka mashimo yatawanyike upana wa sarafu, nishinde mara moja tu!"

"Na hii iliyomuua?"

"Mezani kwangu yalikuwa wazi makopo matatu. Nilichukua silo." Akajifuta pua. "Orrin alinikanya kila siku. Kopo moja, Wendell, kopo moja."

"Mungu wangu, watu wazima nyie!" Verna aligonga meza. Kisha akamfunga pingu, akampigia simu Lavonne.

"Mumeo alipima sawasawa, mama," alisema.