Kura Mia Tatu na Kumi na Mbili Kuhusu Neno la Mawien

Kaka yangu Mawien aliondoka Jumatano, tarehe kumi Aprili 2013. Nilikuwa kwenye foleni ya maji, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alipopita na begi la shule mgongoni. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Lodwar, kwa mjomba. Baba amesema nikae huko mpaka watu wapoe."

"Una kibali cha kutoka kambini?"

"Achol, siku hizi wewe ni polisi?" Akacheka. "Nikirudi nitakufunga mabao matano."

Nikainamia ndoo yangu. Nilikuwa naona aibu kumtazama.

Lori alilopanda lilikuwa limebeba makaa. Kabla ya kufika Lodwar gurudumu lilipasuka, lori likapinduka. Wengine walitoka na majeraha. Mawien alifia palepale.

Naandika jambo hili kwa sababu kosa lililompandisha kwenye lori hilo lilianzia kwenye simu yangu.

Mawien alikuwa na rafiki, Chuol, jirani wa ng'ambo ya barabara. Tumetoka nchi moja, lakini jamii zetu mbili ziliwahi kupigana. Wao wawili hayo hayakuwahusu. Walicheza mpira wa kwenye simu, na walikuwa na jukwaa la wachezaji mtandaoni, lenye watu kutoka Nairobi, Mombasa na mbali zaidi.

Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, Mawien alimfunga Chuol bao kwenye simu. Akapiga kelele mbele ya watu wote: "Mlagi! Mlagi mkubwa wewe!"

Mjomba wa Chuol alisikia. Neno hilo hakulijua. Mtu fulani akamwambia ni tusi la jamii yake. Siku hiyohiyo alikuja kwetu na wazee wanne.

"Malual," akamwambia baba yangu, "mwanao ametutukana hadharani."

Baba ni mwenyekiti wa blok, yaani mtaa wetu hapa kambini. Alikasirika, lakini hakutaka kuhukumu haraka. Akamwita Mawien.

"Ni neno la mchezo tu, Baba. Mlagi ni mtu ambaye simu yake inakwama."

"Wewe ndiye unayeshtakiwa. Lazima useme hivyo," Baba akajibu.

Kwetu kijana hasemi katika baraza. Mzee wake humsemea. Basi Mawien alikaa nje, na Chuol naye alikaa nje. Hakuna aliyemuuliza Chuol swali hata moja.

Mimi nilijua Mawien anasema kweli. Nikataka kumsaidia. Nikaingia kwenye jukwaa lao, nikafungua kura: "Je, neno mlagi ni tusi la kabila? Ndiyo au Hapana. Wazee wetu wanasubiri jibu." Nilidhani wachezaji watamtetea mwenzao.

Baada ya siku mbili nilifungua, nikapigwa na butwaa. Kura zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Waliosema Ndiyo walikuwa mia mbili sabini na mmoja.

Nilitaka kuificha. Lakini Baba alikuwa ameshaambiwa kuna kura. Akaniambia, "Soma." Nikasoma.

 Kisha akasema, "Mimi nilipochaguliwa, watu tisini na wanne walisimama nyuma yangu kwenye mlolongo wa kura. Wote waliona hao ndio wengi, wakanyamaza. Sasa hawa ni zaidi ya mia mbili. Nitabishana nao vipi?"

Hata mimi nilianza kuwa na shaka. Labda Mawien alikuwa akitudanganya. Baba akaamua aende Lodwar, na kesho yake asubuhi akaondoka.

Mimi na Baba tulikwenda Lodwar kumchukua. Tulihitaji nakala za karatasi za kuuchukua mwili, tukaingia kwenye duka la kompyuta karibu na stendi. Mwenye duka alikuwa kijana wa Kiturkana, Lokol.

"Ejoka, mzee," akamsalimia Baba.

"Ejoka," Baba akajibu. 

Lokol aliona karatasi zenyewe. Akazitoa nakala bila kutaja bei, akatuwekea viti. Nikamwomba kompyuta. Nilitaka kuwaambia wachezaji kwamba Mawien amefariki.

Ukurasa ulipofunguka nilitoa sauti. Kura zilikuwa mia tano na arobaini. Mtu amelala kwenye chumba cha maiti, na bado wanapiga kura.

"Nini?" Baba akauliza.

Nilimweleza Lokol yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kiti.

"Mzee, naomba nikuonyeshe kitu. Chagua jibu, ubonyeze hapa."

 Baba akabonyeza Hapana. Ikawa mia tano arobaini na moja.

Lokol akafuta kumbukumbu ya ukurasa kwenye kompyuta. "Bonyeza tena."

"Nimeshapiga kura."

"Bonyeza tu, mzee."

Mia tano arobaini na mbili. Lokol akafuta tena, Baba akabonyeza tena. Mia tano arobaini na tatu.

Baba akageuka kutazama nyuma yake, kama anayetafuta watu wengine chumbani. Tulikuwa watatu tu.

"Nimekuwa watu watatu?" akauliza.

"Ndiyo. Ungekaa hapa mpaka jioni ungekuwa mia mbili." Lokol akaonyesha ukucha wake. Alama ya wino wa uchaguzi wa Machi ilikuwa bado haijaisha. "Mimi nikirudi kituoni mara ya pili, wino unanisema. Wewe kwenye mlolongo wako, kila mtu alikuja na mwili mmoja, na unamjua kwao. Hapa hakuna wino wala mwili."

"Lakini wamejibu swali," nikasema. "Nusu yao hata wakiwa watu wa kweli..."

"Dada, soma maneno ya chini."

Nilisoma. Mtu mmoja alikuwa ameandika: "Neno lenyewe silijui, lakini nimepiga Ndiyo mara arobaini. Wazee wa huko watachemka leo!" Mwingine akamjibu, "Ongeza, bado hawajalia." Wengine walikuwa wanacheka tu.

 Baba aliomba nimsomee tena. Nilisoma tena. Akavua kofia yake, akaishika magotini.

"Hawa ni watu gani?" akauliza.

"Watu wanaotafuta kicheko," Lokol akasema. "Hawakujua kuna kijana anangoja hukumu. Hata wasiocheka, wengine wako mbali, na kila mji una maneno yake ya mchezo. Anayepiga kura ni yule aliyependa kupiga. Anayelijua neno huenda hata hakupita. Kura kama hii inakuambia jambo moja tu: hapa pamebonyezwa mara ngapi."

"Basi neno la vijana tungelijuaje?"

"Nani wanalitumia huko kwenu?"

"Vijana wa blok."

"Mliwauliza?"

"Hapana," Baba akasema, akavaa kofia yake. 

Tulimzika Mawien Kakuma siku ya Jumamosi. Baada ya sala Baba alisimama, akamwita Chuol kwa jina mbele ya wazee wote. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kufanyika kwetu. Watu walinong'ona.

"Mwanangu aliposema lile neno, alikutukana?"

Chuol alikuwa analia. "Aliniita hivyo kila siku. Mimi pia nilimwita hivyo. Simu ikikwama, bao linaingia wewe hujaona. Huyo ndiye mlagi. Wote tunaocheza tunajua." Akamtazama mjomba wake. "Mbona hamkuniuliza?"

Mjomba wake alikaa chini kwenye vumbi na suti yake, akajifunika uso. Hakuna aliyemwinua.

Wiki iliyofuata Baba aliitisha baraza. Alisema wazi kwamba amekosa. Mimi nilisimama pia, nikasema kura niliifungua mimi. Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo tusiamini simu tena?"

"Simu ni nzuri," nikamjibu. "Lakini kabla ya kuamini hesabu yake, tuulize: nani amejibu, amejibu mara ngapi, na je, anajua jambo lenyewe?"

Mwezi wa Julai wasichana wawili waligombana kwa neno lingine la mchezo. Mtu akaleta kura ya mtandaoni yenye watu elfu moja. Baba alimwomba aiweke simu mfukoni. Wakaitwa wachezaji sita wa blok, kila mmoja akaulizwa peke yake. Wote sita walilieleza neno namna moja, na halikuwa tusi. Kabla ya saa kumi wasichana walikuwa wamepeana mikono, na kila mmoja akalala nyumbani kwao.

Baraza la blok letu hukaa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Kijana aliyetajwa huingia ndani na kusema kwanza, kisha wazee husema.