Jivu Mbele ya Duka la Baba Paulin

Ko, ko, ko. Gizani, Abigaïl alisikia mwiko ukigonga beseni. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, lakini mama yake hakuhitaji taa ili kupiga unga wa maandazi. Mikono yake iliijua kazi ile.

"Abi, umeamka?"

"Ndiyo, Mama."

"Leo ni salongo. Wahi pale kwenye meza yetu ya biashara. Zoa jivu lote la jiko, okota makaratasi, kisha sukuma meza mpaka ukutani. Polisi wakiikuta katikati ya trotwari, wataipakia kwenye lori lao. Mimi nitakuja na maandazi saa nne."

"Nimesikia, Mama."

Kusikia alisikia. Kutii ndiko kulikokuwa na kazi.

Katika Lubumbashi, Jumamosi asubuhi ni ya salongo: kila mtu husafisha mbele ya kwake, na hakuna biashara mpaka usafi uishe. Polisi hupita kuangalia. Wanachotafuta zaidi ni vitu vilivyofunga trotwari, ile njia ya waendao kwa miguu.

Meza ya Mama Christiane, mama yake Abigaïl, ilikuwa mbele ya duka la misumari na rangi la Baba Paulin. Usiku ililindwa na Kambo Ngosa, bibi kizee aliyelala kwenye baraza ya duka. Watoto wote walimwita Kambo, yaani bibi. Alitoka upande wa Kasenga. Mume wake alipofariki, ndugu za mume waliichukua nyumba. Baba Paulin alimwachia baraza kwa sababu moja tu: Kambo Ngosa alikuwa msafi. Kila alfajiri alikunja maboksi aliyolalia, akayafunga kwa kitenge, akafagia mahali pake mpaka pakang'aa.

Asubuhi ile Abigaïl alimkuta Kambo akienda bombani na ndoo yake. Abigaïl alishika ufagio, akafagia mara mbili, mara tatu. Ng'ambo ya barabara wasichana wa darasa lake walikuwa wakicheza nzango, wakiruka na kupiga makofi.

"Abi, njoo! Tumepungukiwa mtu!"

"Mchezo mmoja tu," alijiambia.

Ikawa michezo mitano. Filimbi ya polisi ilipolia kona ya juu, Abigaïl alirudi mbio. Wauzaji wote walikuwa wakivuta meza zao, hakuna wa kumsaidia. Alijaribu kuisukuma meza, ikakataa. Jivu la wiki nzima lilikuwa bado chini. Basi akashika ufagio, akalisukuma jivu lote pamoja na makaratasi yenye mafuta mpaka kwenye maboksi ya Kambo Ngosa.

Lori likasimama. Polisi mmoja mrefu akashuka.

"Meza hii iko ya nani?"

Akilini Abigaïl aliona meza ikipakiwa. Akaona mama yake amesimama na beseni la maandazi bila mahali pa kuliweka.

"Ya kambo anayelala hapa, Shefu," alisema, akitumaini bibi kizee atahurumiwa.

"Na uchafu huu?"

"Wake pia."

Wakati huo Kambo Ngosa alikuwa anarudi, ndoo kichwani. Polisi akamgeukia.

"Mama, meza iko yako?"

Kambo aliitazama meza. Akalitazama jivu juu ya maboksi yake. Mwisho akamtazama Abigaïl machoni.

"Iko yangu, baba," alisema.

"Ee mama! Kulala unalala hapa, na njia unafunga? Watu wapite wapi, juu ya magari? Pakieni!"

Wakapakia meza, maboksi, na mfuko wa Kambo.

"Mfuko muniachie, baba. Kadi yangu ya uchaguzi iko ndani."

"Utaufuata posti ya polisi."

Kambo Ngosa aliweka ndoo chini, akalifuata lori kwa miguu.

Haikupita muda, Baba Paulin akafika kufungua duka. Alikuta jivu limetapakaa mlangoni, na karatasi ya onyo ya polisi imebandikwa.

"Abigaïl, nani amenifanyia hivi?"

Hapo palikuwa pa kusema kweli. Lakini uongo wa kwanza ulikuwa umekwisha kufungua mlango, na wa pili ukapita bila kubisha.

"Kambo Ngosa."

"Kumbe! Mwambie asilale tena kwangu. Leo hii."

Caleb, jirani yao, alikuwa amesimama karibu na toroli lake la maji. Alikuwa amesikia yote.

"Eh, Abi," alisema, "Kambo ameanza lini kuuza maandazi?"

Wasichana wa nzango wakacheka. Abigaïl hakucheka. Aligeuka, akajifanya anaokota makaratasi.

Saa nne Mama Christiane alifika, beseni kichwani.

"Meza iko wapi?"

"Polisi wameichukua."

"Na Kambo?"

Abigaïl aliangalia vidole vya miguu yake. Kisha machozi yakaja, na maneno yakaja nyuma yake: nzango, jivu, lori, Baba Paulin. Mama yake hakumpiga wala kupiga kelele. Alimwachia muuzaji jirani beseni, akamshika Abigaïl mkono.

"Twende."

Posti walimkuta Kambo Ngosa ameinama, anafagia ua. Ilikuwa adhabu ya meza. Mama Christiane alikwenda moja kwa moja, akauchukua ufagio mkononi mwake.

"Shefu, meza ni yangu. Huyu mama hana kosa. Mtoto wangu alidanganya."

Yule polisi mrefu alimkazia macho Abigaïl, kisha akamkabidhi ufagio wa pili. "Basi wenye meza wamalizie."

Walifagia ua wote, mama na binti, jua likiwapiga mgongoni. Walipomaliza, polisi alitoa meza, maboksi na mfuko.

"Meza ikae ukutani. Na wewe mama," alimwambia Kambo, "trotwari si kitanda."

"Najua, baba. Lakini mvua haiulizi kama nina nyumba."

 Polisi alijishughulisha na kofia yake.

Njiani, meza na maboksi vikiwa kwenye toroli la kukodi, Abigaïl alibeba mfuko. Baada ya hatua nyingi aliuliza kwa sauti ndogo, "Kambo, kwa nini ulikubali?"

"Niliona macho yako, mutoto wangu. Nikasema, heri mimi. Mimi nimezoea kufukuzwa."

Maneno yale yalimuuma kuliko fimbo.

Karibu na duka, mama yake alisimama, akamwinamia.

"Sikiliza, Abi. Kambo hana mlango, hana ufunguo. Alichokuwa nacho ni jina la usafi, na jina hilo ndilo lililompa mahali pa kulala. Asiye na kitu, ukimchafulia jina umempora vyote. Mimi nimesema posti, kwa sababu meza ni yangu. Lakini uongo uliusema barabarani, mbele ya watu. Ukweli nao usiuseme chini ya blanketi."

Baba Paulin alikuwa mlangoni. Alipomwona Kambo, uso ukamkunjamana.

"Nilisema asirudi."

"Baba Paulin," alisema Mama Christiane, "uchafu haukuwa wake."

"Mama Abi, wewe una huruma, nakujua. Nimepata onyo kwa ajili ya uchafu ule." Alikuna kidevu. "Kama si wake, mimi sina ubaya naye. Nyuma ya duka kuna banda ndani ya uzio. Atalala humo, na polisi hawatamgusa. Lakini siwezi kumweka ndani mtu wa uchafu. Nataka kusikia: ulikuwa wa nani?"

Wauzaji waliacha kupanga bidhaa zao. Caleb alitua madumu yake. Wasichana wa nzango wakasogea. Abigaïl alimtazama mama yake, lakini safari hii mama hakumjibia. Aliweka tu mkono begani mwa binti yake.

 Abigaïl aliinua kichwa.

"Uchafu ulikuwa wetu, Baba Paulin, na mimi ndiye niliyemsingizia Kambo."