Nesi Alipobisha Mlangoni

Kila asubuhi mama alipanda mlimani kuchuma kahawa, bibi akaenda kusaga mahindi, nami Nohelia nikabaki na mdogo wangu Olvin, mtoto wa miezi mitatu. Lakini siku hiyo sikumchezesha. Tangu siku iliyotangulia alikuwa akitapika na kuharisha maji matupu, na sasa hata kulia alikuwa halii tena. Niliogopa, jamani!

Bibi Eulogia aliporudi, alimpapasa kichwa. Utosi, pale palipo laini juu ya kichwa, ulikuwa umebonyea.

"Mama yangu! Utosi umeanguka," alisema. "Umemwangusha, wewe?"

"Sijamwangusha, bibi!"

"Basi sogea. Namwinua miguu juu, nimpige nyayo, utosi urudi mahali pake."

Ndivyo wazee wetu wanavyofanya. Akamshika vifundo vya miguu. Shingo ya Olvin ikaning'inia.

"Bibi, usimgeuze!" nilipiga kelele. "Kosa ni langu! Nesi wa chanjo alikuja mwezi uliopita. Alisema ana dawa ya kumkinga mtoto na kuharisha. Nilifunga mlango nikajificha naye uvunguni. Niliogopa atanichoma sindano na mimi. Halafu nikawadanganya kwamba hakuja."

Nilingoja kofi. Badala yake bibi alimshusha Olvin, akamfunga kwenye shali, akasema, "Twende. Mbio!"

Tulishuka kilima tukihema. Njia nzima nilimgusa Olvin kifuani, nihakikishe anapumua.

Kwenye kituo cha afya, nesi Suyapa alimwekea dripu papo hapo. "Huu utosi haukuanguka, bibi. Mtoto ameishiwa maji mwilini. Mngechelewa, tungempoteza."

Nililia mpaka Olvin mwenyewe alipolia, saa tisa alasiri. Sijawahi kufurahia kelele zake kama siku ile.

Alipopona kabisa tulimrudisha kituoni achanjwe. Nesi alitoa kichupa kidogo, akamdondoshea matone mdomoni. Olvin akalamba midomo.

"Sindano iko wapi?" niliuliza.

"Hii haina sindano, Nohelia. Ni matone tu. Hayazuii kila aina ya kuharisha, lakini humkinga mtoto na ule ugonjwa mkali uliotaka kumuua. Ukiogopa, sema. Usifiche."

Nikainamisha kichwa kwa aibu. Bibi akanishika bega.

"Ulisema kweli, na mimi nikamshusha," alisema. "Sote wawili tumejifunza. Kuanzia leo, nesi akibisha, mlango wangu ufunguliwe."