Vidole Viwili vya Maji

Chupa ilijazwa hadi shingoni baada ya chai ya asubuhi, na Serafina mwenyewe ndiye aliyeiweka ndani ya friji. Alipofungua mlango saa nane mchana, maji yalikuwa yamepungua vidole viwili. Aliinua chupa, akapapasa mahali ilipokuwa imesimama. Palikuwa pakavu.

Jioni alimweleza mumewe.

"Itakuwa inavuja," Valerian alisema.

"Chupa iliyosimama inavujia wapi, Baba Anisia?"

"Basi Mama amekunywa."

"Mama hajui hata mlango wa friji unafungukia upande gani."

Hilo lilikuwa kweli. Paskalina, mama yake Valerian, alikuwa na kisukari, na tangu mwaka uliotangulia macho yake hayakuona zaidi ya vivuli. Friji lenyewe lilikuwapo kwa ajili yake. Kila mwezi sista wa hospitali ya misheni aliwapa chupa ndogo za dawa ya sindano, na kila mwezi aliwaonya kwa maneno yale yale: dawa hii ikikaa kwenye joto itakufa, na ikifa, bibi huyu hatamaliza mwezi.

Mwaka ulikuwa 1968, mahali ni Ushirombo, na umeme haukuwapo. Friji lilikuwa la mafuta ya taa. Valerian alilipata Geita mgodi ulipofungwa, baada ya kufanya kazi huko miaka tisa kama fundi wa pampu. Chini yake palikuwa na tangi la mafuta lenye utambi na kioo kama cha taa. Moto ukiwaka chini, juu panakuwa baridi. "Moto uzae baridi," Paskalina alizoea kusema. "Wazungu hawa."

Siku chache kabla ya siku ya chupa, friji lilikuwa limeacha kugandisha. Fundi alikuwa Shinyanga mjini, safari ya kutwa nzima, kwa hiyo Valerian alilitengeneza mwenyewe. Alisugua bomba la moshi kwa mnyororo wa baiskeli. Alikata utambi kwa wembe mpya, akarudia mara nne, kwa sababu mgodini alifundishwa kwamba mwali wa njano wenye masizi ni mwali mgonjwa; mwali mzima ni wa buluu, usiotoa moshi hata chembe. Mwali wa buluu aliupata, lakini baridi haikurudi. Ndipo alipofanya jambo la mwisho alilolijua. Alitoa tangi, akalisimamisha friji kichwa chini kutwa kucha, ili maji makali yanayoleta baridi, yaliyokwama ndani ya mabomba, yarudi yalikotoka. Dawa ziliwekwa ndani ya kopo, kopo likasimamishwa ndani ya mtungi wa maji, mtungi ukazungushiwa mchanga uliolowa. Hata hivyo zilipata uvuguvugu. Sindano ya asubuhi iliyofuata haikumshika Paskalina. Alitapika, na ulimi wake ukawa mzito hadi adhuhuri.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Baada ya misa Valerian alilisimamisha friji sawasawa, akarudisha tangi, akawasha. Mabomba yaligugumia polepole, kama mtu anayekohoa ndani ya gudulia, na katikati ya kugugumia huko ikatoka sauti iliyofanana sana na neno.

"Hodi."

Paskalina alikuwa ameketi kwenye mkeka wake karibu na mlango wa jiko. Aligeuza uso. "Karibu," alisema. "Pita ndani."

Valerian na Serafina walicheka. "Mama, ni mabomba hayo."

"Aliyebisha hodi amebisha," alijibu, naye hakucheka.

Barafu iliganda jioni ile ile.

Sasa, baada ya chupa kupungua, Serafina hakubishana tena na mumewe. Alikuwa mtu wa kuhakikisha. Kesho yake alijaza chupa, akachora mstari wa mkaa shingoni, akafunga uzi mweusi kutoka kitasa cha friji hadi msumari wa ukutani. Saa nane uzi ulikuwa mzima, na maji yalikuwa chini ya mstari kwa vidole viwili. Alianza kumshuku Valerian kwamba anamfanyia mchezo. Kisha akainama kuongeza mafuta ya taa, akachovya kijiti ndani ya tangi, na kijiti kikatoka kimelowa hadi pale pale kilipolowa Jumapili ile.

"Umeongeza mafuta?" alimuuliza mumewe.

"Sijaongeza. Wewe?"

"Mimi pia sijaongeza."

Walitazamana, kila mmoja akidhani mwenzake anasema uongo. Wakakaa hivyo kwa siku kadhaa, wakisalimiana kwa adabu kama wapangaji, huku mwali wa buluu ukiwaka chini ya friji na tangi likibaki limejaa.

Alhamisi moja Serafina alirudi mapema kutoka shamba la karanga. Ilikuwa saa ya jua la utosi, kuku wamejikusanya chini ya ghala, Anisia yuko shuleni na Valerian kazini, na alipokuwa bado uani alimsikia mama mkwe wake akizungumza ndani kwa sauti ya chini, akinyamaza, akicheka kidogo, kisha akijibu, kama mtu anavyozungumza na mgeni anayemheshimu. Na alipokaribia mlango harufu ikamchoma pua, harufu kama ya mkojo wa popo kwenye dari ya kanisa, na ubaridi ukamgusa vifundo vya miguu ukitokea chini ya mlango, naye akasukuma taratibu, akamwona Paskalina ameketi mkekani akilielekea friji lililofungwa, mbele yake kigoda cha wageni, juu ya ukuta mwanga wa buluu unatembea ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, na kila bibi yule aliponena mvuke mweupe ulitoka mdomoni mwake kama asubuhi ya mwezi wa saba, na kila aliponyamaza mvuke mwingine ulitoka juu ya kigoda, kwa kimo cha mdomo wa mtu aliyeketi, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Mama," Serafina alinong'ona. "Unazungumza na nani?"

"Na mgeni. Sema polepole."

"Mgeni gani?"

"Yule wa Jumapili. Hana makuu, maji tu yanamtosha." Alitabasamu. "Anasema kwao hakuna sindano. Macho hayaumi. Ananialika nikatembee, na mimi nimeanza kufikiri."

Serafina alimshika mkono amwinue. Mkono ulikuwa baridi kama chupa.

Jumamosi alikuja Mzee Kamili, muuza mafuta ya taa, mtu wa Bagamoyo aliyewafundisha watoto wa Kiislamu Kurani nyuma ya duka lake. Yeye na Valerian walikuwa wakitaniana, Msukuma na mtu wa pwani.

"Shikamoo, Mzee Kamili," Serafina alisema.

"Marahaba, binti yangu. Mtani wangu huyu nimemkosea nini? Wiki mbili hajagusa mafuta yangu. Amehamia duka gani?"

"Sijahama," Valerian alisema.

"Basi friji lako siku hizi linakula ugali, kama mwenye nyumba."

Hakuna aliyecheka. Serafina alimweleza yote, tangu chupa hadi kigoda. Mzee Kamili alipiga magoti, akautazama moto kupitia kioo kwa muda mrefu. Alipoinuka, utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Moto huu hauna moshi."

"Ndivyo unavyotakiwa," Valerian alisema. "Nimekata utambi mara nne."

"Umeukata vizuri sana. Sisi tunafundishwa katika chuo cha Kurani kwamba binadamu ameumbwa kwa udongo. Wapo wengine, walioumbwa kwa moto usio na moshi. Wewe, mtani, umemtandikia kitanda." Alishusha sauti. "Lakini kitanda peke yake hakimwingizi mtu ndani. Nani alimkaribisha?"

Serafina alimgeukia mama mkwe wake.

"Alibisha hodi," Paskalina alisema kutoka mkekani. "Ninyamaze, niitwe mchoyo?"

"Basi hatuwezi kumfukuza, Mama. Aliyekaribishwa husindikizwa, na wa kumsindikiza ni yule aliyemkaribisha. Moto utazimwa, nawe utamtoa mpaka pale njia panda ya Runzewe. Ila sisi tuna mazoea yetu. Mgeni akiondoka tunamwambia karibu tena. Hilo usilitamke. Ukilitamka, hajaondoka."

"Nimesikia."

"Na dawa?" Serafina aliuliza. "Moto ukizimwa, dawa itakaa wapi?"

Wote waliujua mtungi, na waliikumbuka ile sindano ya Jumapili.

"Zima, ng'wanawane," Paskalina alimwambia mwanawe. "Mgeni ni wangu."

Valerian alipuliza. Mwali uliinama, ukasimama. Alipuliza tena, ukasimama. Mara ya tatu ulizimika, na ile harufu ikajaa nyumba nzima hadi macho yakawatoka machozi. Alilibeba tangi uani, akalimwaga. Serafina alihamishia dawa mtungini. Mzee Kamili alisimama mlangoni akisoma kwa sauti isiyozidi ya mtu anayehesabu, na Paskalina akatoka. Yeye ambaye hakuenda hata chooni bila kushikwa mkono, alipita katikati ya jua kali bila kujikwaa, fimbo ameibeba kwapani, mkono wa kushoto umenyooka kidogo kando, kama mtu aliyeshikana na mwenzake.

Njia panda alisimama. Midomo yake ilionekana ikitikisika mara moja tu. Kisha akageuka, akateremsha fimbo, akaanza kurudi akipapasa ardhi, akijikwaa kwenye kila jiwe, kipofu kama zamani. Valerian alimkimbilia, akamshika. Mkono wake ulikuwa na joto.

Mzee Kamili alipoaga, hakuna aliyethubutu kumwambia karibu tena.

Jioni Serafina aliketi akimwosha mama mkwe wake vumbi la miguuni.

"Mama, hukulisema lile neno?"

"Sikulisema. Nilikuwa nimeuma ulimi."

"Na yeye? Alisema chochote?"

"Ana adabu yule. Alisema asante kwa maji."

Mikono ya Serafina ilisimama ndani ya beseni. "Ukamjibu nini?"

Paskalina alijibu kwa sauti ndogo.

"Angesema wabeja, asante ya kwetu, ningeitika kwa Kisukuma, yakaisha. Lakini yeye huzungumza Kiswahili. Mtu akikwambia asante, Mama Anisia, wewe unamjibuje?"

Serafina alifuta mikono, akaenda peke yake kwenye mtungi. Mfuniko ulimbana vidole kwa baridi. Juu ya maji palikuwa na barafu nyembamba, safi kama kioo, na ndani ya kopo dawa zilikuwa baridi, hazijaganda. Baridi ile hasa ambayo sista aliitaka.

"Vipi?" Valerian aliuliza kutoka chumbani. "Dawa imepona?"

Serafina aliinamisha sikio kwenye mtungi.

"Imepona," alisema.

Aliufunika. Akachukua kikombe, akakijaza maji hadi ukingoni, akakiweka kando ya mtungi, akatoka kinyumenyume. Asubuhi kilikuwa kimepungua vidole viwili.

Akakijaza tena.