Ukungu Ndani ya Tangi la Samaki

Kila alasiri, akishatoka shule, Msomi alikuwa akivua viatu mlangoni, kutupa mkoba kitini na kuikagua sebule kama mwalimu wa zamu anayesaka wachelewaji. Jina hilo la Msomi alipewa na wenzake darasani kwa kumcheka. Yeye akalipokea kama nishani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwa maoni yake hapakuwa na mtu aliyebaki wa kumfundisha kitu.

Wiki hiyo alikuwa na jipya la kukagua: tangi la kioo lenye samaki wanne wekundu. Mjomba ndiye aliyemnunulia Msomi na mdogo wake wa kike wa miaka saba, waliyemwita Kitinda. Dukani, mama muuza samaki aliwapa maelekezo.

"Maji yakiingia ukungu siku za mwanzo, msiyahangaishe. Tangi bado jipya. Lisheni kidogo, subirini, na lile sponji la kuchujia msiliguse."

Msomi alimpandisha na kumshusha kwa macho: aproni iliyolowa, kandambili zisizofanana, na kibao mlangoni kilichoandikwa SAMAKI WA MAPABO.

"Hata mapambo hawezi kuandika," alimnong'oneza Kitinda. "Atatufundisha nini?"

Siku ya tatu maji yakawa meupe kana kwamba yametiwa maziwa.

"Dada, yule mama alisema tusubiri," Kitinda alisema.

"Subiri wewe. Wenye akili huosha kitu kikichafuka."

Akamwaga maji yote, akasugua kioo, akalifua sponji kwa sabuni ya unga mpaka likatoa povu, kisha akajaza maji ya bomba papo hapo. Maji yakang'aa. Msomi akajipongeza kwa sauti, maana hapakuwa na mwingine wa kumpongeza. Baada ya siku mbili ukungu ulirudi, mzito kuliko wa kwanza. Akarudia yale yale, akaongeza sabuni. Asubuhi yake samaki mmoja alikuwa akielea kwa ubavu.

Mama yao, fundi cherehani, aliacha gauni alilokuwa akilishona. "Nani ameharibu maji haya?"

"Kitinda," Msomi alijibu bila kupepesa macho. "Anamwaga chakula kopo zima."

Kitinda akaangua kilio. Mama akampiga marufuku kulisogelea tangi. Msomi alijiambia kuwa mtoto mdogo husahau upesi. Kitinda hakusahau. Mchana kutwa alimpa dada yake mgongo.

Jioni samaki watatu waliobaki walikuwa juu ya maji, wakihema midomo wazi. Mama akampigia simu muuza samaki, naye akaja na ndoo mbili za maji. Alichovya kidole tangini, akanusa, akakunja uso.

"Mmefanya nini humu?"

"Ni huyu mdogo," mama alisema. "Amezidisha chakula."

"Nataka uhakika," muuza samaki alisema. "Kama ni chakula, nitapunguza maji kidogo tu. Kama kuna kingine, kama sabuni, samaki watoke wote sasa hivi. Nikikosea, hawafiki asubuhi."

Msomi alimtazama Kitinda, aliyekuwa amejibanza nyuma ya cherehani. Kwa mara ya kwanza alijiona alivyo: mtu mzima wa maneno, aliyejificha nyuma ya mtoto wa miaka saba.

"Ni sabuni," alisema. "Nililifua sponji mimi, mara mbili. Kitinda hakufanya kitu."

Muuza samaki hakupoteza muda kumkemea. Aliwahamishia samaki kwenye ndoo moja, akasuuza tangi mara nyingi, akatia maji ya ndoo ya pili, yaliyokaa siku nzima ili dawa inayotiwa maji ya bomba iishe. Siku iliyofuata alileta sponji kuukuu, la rangi ya kahawia, kutoka tangi la dukani kwake.

"Uchafu huo?" Msomi aliropoka.

"Ndani yake mna bakteria wanaokula taka za samaki. Ukungu ule ulikuwa dalili kuwa wale wa tangi lako wameanza kuzaliana. Ungesubiri, maji yangetulia yenyewe. Ukawaua kwa sabuni kila walipoanza."

Siku ya tano baada ya hapo maji yalikuwa maangavu, na samaki watatu wakikimbizana. Msomi alimwomba Kitinda radhi mbele ya mama, akakiri na jinsi alivyomcheka muuza samaki. Kitinda alifikiri kidogo, kisha akasema, "Sawa. Lakini kulisha ni mimi."

"Ni wewe," mama alisema. Akamgeukia mkubwa. "Yule mama uliyemdharau hakupungukiwa na kitu, mwanangu. Mjuaji asiyesikia huumiza wengine. Na akisingizia mdogo wake, huo ujuzi wake wote hauna thamani ya kopo la chakula cha samaki. Jifunze kusikiliza, na ukikosea, sema mapema."