Benki Niliyoifungua kwa Uso wa Mwanangu wa Ubatizo

Nina miaka sitini na nane. Ni mkulima wa kahawa huku Mkumbi, wilayani Mbinga, na kwa miaka thelathini na moja nimekuwa katekista wa kigango chetu. Nimewafundisha watoto wengi amri za Mungu. Usiibe. Usiseme uongo. Leo naandika jinsi mimi mwenyewe nilivyosema uongo mdogo, nikiwa na akili zangu timamu, na jinsi uongo huo ulivyokaribia kumuua mke wangu.

Mke wangu anaitwa Ditrika, lakini hapa nyumbani tunamwita Mama Klara. Ni mzaliwa wa Lituhi, kule ziwani. Nilipomwoa akapanda milima hii na kujifunza kulima ngolo, yale mashimo yetu ya kwenye mteremko. Mwanamume hufyeka majani na kuyapanga, kisha mwanamke hufukia udongo juu yake kwa jembe, ameinama kutwa nzima. Kahawa pia tumeichuma pamoja. Kwa hiyo nusu ya kila tulichopata ilitoka mgongoni mwake. Naomba mlikumbuke hilo mnaponisoma.

Miaka miwili iliyopita kahawa ilitulipa vizuri. Zamani fedha zetu zilipitia benki ya mjini, na kila nilipotaka kutoa kidogo ilinibidi nipande bodaboda, nipange foleni, nirudi jioni nimechoka. Ndipo Gaudensi akaniletea habari ya benki mpya.

Gaudensi ni mwanangu wa ubatizo. Nilimshika mbele ya maji akiwa na siku arobaini, nikajibu maswali ya padri kwa niaba yake. Wazazi wake walipokosa ada, nililipa mimi. Sasa ana kibanda cha kutengeneza simu pale Mbinga mjini. Kwa nini nisimwamini?

Benki yenyewe haina jengo. Haina dirisha wala karani. Yote imo ndani ya simu.

"Baba, foleni ya nini tena?" Gaudensi aliniambia. "Benki inakaa mfukoni. Ukinunua sukari unabonyeza, makato hakuna."

Mama Klara alikuwa anapepeta maharage pale uani. Akauliza bila kuinua kichwa, "Na siku ikikuudhi utakwenda kugonga mlango gani?"

"Mama naye, siku hizi hagongi mtu."

"Haya. Mimi fungu langu liacheni kwenye sanduku la kina mama."

Kikundi cha akina mama wa jumuiya yetu kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mama tofauti. Nilikuwa nikilicheka. Nililiita benki ya bati...

Siku ya kujiandikisha, pale kibandani, simu ilitaka kuuona uso wangu. Jicho langu la kushoto lina mtoto wa jicho. Nikaangalia, ikakataa. Nikafumba na kufumbua kama ilivyoagiza, ikakataa tena. Vidole navyo vimesuguliwa na jembe, alama hazisomeki vizuri. Wateja wawili walikuwa nyuma yangu wakisubiri. Niliona aibu.

Gaudensi akasema, "Baba, usihangaike. Tuweke kitambulisho changu na uso wangu, simu ibaki kwako. Namba ya siri utaijua wewe."

Nikajiambia, huyu nilimsimamia mbele ya Mungu, uso wake na wangu kuna tofauti gani? Kwetu mtoto wa ubatizo hahesabiwi mgeni. Simu ikauliza kama taarifa zote ni za kweli. Nikabonyeza ndiyo. Mimi, katekista.

Kisha nikafanya baya zaidi. Nikaihamishia humo fedha yote ya kahawa, na fungu la Mama Klara, badala ya kulipeleka sandukuni, nikaliweka humohumo bila kumwambia. Nilitaka siku moja nimwonyeshe jinsi lilivyoongezeka.

Sitasema uongo mwingine: kwa matumizi ya kila siku benki ile ilinifaa sana. Ilikuwa na mifuko miwili, mmoja wa matumizi na mwingine wa akiba. Kutoka kwenye ule wa matumizi nililipa sabuni, chumvi, dawa ya kahawa, nauli ya bodaboda. Sikuzunguka na noti. Kila jioni niliona nimetumia kiasi gani. Nilimshukuru Mungu kwa akili aliyowapa vijana.

Gaudensi alikuwa akija kula kwetu baadhi ya Jumapili baada ya ibada. Akishashiba alikuwa akisema, "Baba, lete simu niisafishe, imekuwa nzito." Nilimpa, nikaenda kumtazama ng'ombe. Mfuko wa akiba sikuufungua hata mara moja. Niliogopa kubonyeza vibaya nikaharibu...

Mwezi wa sita mwaka jana Mama Klara alishuka Lituhi kumtembelea dada yake, Yustina. Siku ya tano, saa mbili asubuhi, shemeji alinipigia simu.

"Shemeji, dada tumbo limevimba, anatapika vitu vya kijani. Kituo cha afya wanasema utumbo umejisokota. Anatakiwa apasuliwe leo, na hapa hawapasui."

"Gari la wagonjwa?"

"Limempeleka mama mjamzito, halijarudi. Kuna mwenye gari, anataka laki mbili na nusu ndipo aweke mafuta. Shemeji, huku hakuna mtu mwenye fedha. Mbalamwezi hii, watu hawajavua wiki nzima."

Alikuwa anasema kweli. Usipa, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa ufuo mzima unakaa mikono mitupu. Lakini mimi sikuogopa. Nikamwambia, "Mwambie dereva awashe gari. Natuma sasa hivi."

Nikafungua simu. Mfuko wa matumizi ulikuwa na elfu kumi na nane. Nikaomba laki tatu kutoka kwenye akiba. Ikatokea duara jeupe. Kwa kiasi hiki, ilisema, tunahitaji kuthibitisha kuwa ni wewe. Angalia kamera.

Nikaangalia kamera. Nini kingine ningefanya? Nilitazama kama mtu anayemtazama hakimu. Uso haulingani. Nikarudia. Uso haulingani, umebakiza jaribio moja.

Nikampigia Gaudensi, simu ikaita hadi mwisho. Nikapiga tena. Mara ya tatu ikawa haipatikani.

Nilichukua bodaboda hadi Mbinga mjini nikisali rozari kwa vidole. Njiani shemeji alipiga mara mbili. "Dereva amezima gari, shemeji. Anasema mzee anamchezea." Nyuma ya sauti yake nilimsikia Mama Klara akilia... Katika miaka arobaini na minne ya ndoa sijawahi kumsikia akilia namna ile, hata siku ya kujifungua.

Nilimkuta Gaudensi kibandani, ameinamia simu ya mtu. Aliponiona alisimama haraka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Angalia hapa. Mama yako anakufa."

Hakuipokea simu. "Mtandao leo unasumbua, Baba."

"Mtandao upo. Angalia."

Akaishika. Simu ilimtambua mara moja, ikafunguka. Nikavaa miwani yangu nikasoma mwenyewe mfuko wa akiba. Shilingi elfu tatu na mia mbili.

"Nyingine iko wapi?"

Fundi mwenzake akaacha kazi, akatutazama.

"Gaudensi, nyingine iko wapi?"

"Ni usipa, Baba." Alizungumza kwa sauti ya chini sana. "Nilinunua nipeleke Songea. Nilitaka nirudishe kabla hujajua. Mvua ikanyesha wakiwa wameanikwa mchangani, wakaoza wote. Nikachukua tena nifidie... nao wakaharibika."

Kumbe zile Jumapili alizokuwa akiisafisha simu yangu alikuwa akiionyesha uso wake tu, na mlango unafunguka! Sikumpiga. Nilimwuliza ana kiasi gani mfukoni, akatoa elfu ishirini na mbili. Nikazichukua.

Nikaipigia ile benki. Kwanza mashine ilinipa namba za kuchagua. Nikachagua, ikanirudisha mwanzo. Mwishowe akapokea binti mmoja, mpole kabisa. Nikamweleza kuwa fedha yangu imeibiwa.

"Pole sana, mzee. Jina la mwenye akaunti?"

Nikataja jina la Gaudensi. Akaniuliza kama ndiye mimi. Nikasema hapana.

"Kwa kumbukumbu zetu, mzee, fedha zimetolewa na mwenye akaunti mwenyewe, na uso umethibitishwa. Samahani, sitaweza kuendelea kuzungumza habari za akaunti hii na mtu mwingine."

Mtu mwingine! Ni mimi huyo. Na yule binti hakukosea hata neno moja.

Ilikuwa imepita saa saba mchana. Sikuwa na pa kwenda ila kwa Mama Osmunda, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Nilirudi Mkumbi, nikamkuta anatwanga. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Hakuniuliza swali la pili. Akauacha mchi ndani ya kinu.

Ufunguo wa kwanza alikuwa nao yeye. Wa pili ulikuwa nyumba ya tatu. Wa tatu ulikuwa kwa mama aliyekuwa shambani ng'ambo ya bonde, amejifunga ufunguo kiunoni, na simu ameiacha nyumbani. Wakatumwa wasichana wawili. Tukawangoja... Dakika zile sitazisahau hadi kaburini. Shemeji alikuwa hapigi tena, akaandika neno moja tu: "Haraka."

Mama Osmunda alikaa juu ya lile sanduku, amekunja mikono. "Katekista," alisema, "hii ndiyo ile benki ya bati."

Nilistahili.

Karibu saa kumi yule mama alitokea akihema, tope hadi magotini. Kufuli tatu zikafunguliwa. Wakahesabu, wakaandika, nikatia sahihi. Fedha ikatumwa kwa dereva kupitia wakala wa jirani, kwa ile njia ya kawaida ya namba kwa namba. Saa kumi na moja jioni gari liliondoka Lituhi. Kutoka saa mbili asubuhi, hesabuni wenyewe.

Walimpasua usiku uleule katika hospitali kubwa. Mimi nilifika asubuhi. Daktari alinipeleka pembeni.

"Yuko hai, mzee, mshukuruni Mungu. Lakini kipande kirefu cha utumbo kilikuwa kimeshakufa, tumekitoa. Mlichelewa na nini?"

Nilivua kofia, nikamwomba anionyeshe kitanda chake.

Siku ya nne, Mama Klara alipopata nguvu ya kuketi, nilimweleza yote. Uso, akiba, usipa, na fungu lake. Sikumficha kitu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "nilikuwa nakufa huku wewe unautafuta uso wa Gaudensi."

"Ndiyo, Mama Klara."

Akageukia ukutani. Siku mbili hakusema nami. Akitaka maji alimwomba nesi. Siku ya tatu akaniuliza, "Umemsamehe?"

"Najitahidi. Namwombea."

"Msamehe. Ila kwanza kaandikishe polisi. Na ukifika usiseme umeibiwa tu. Sema na ulichofanya wewe."

Nilikwenda. Nilieleza kuwa akaunti ile ilikuwa na jina lisilo langu na uso usio wangu, na kwamba nilijua. Askari akaacha kuandika. "Mzee, hapa kwa karatasi kijana amechukua fedha yake." Mwisho wazazi wa Gaudensi waliitwa, yakaandikwa makubaliano. Hadi sasa amerudisha awamu mbili tu, kidogo kidogo. Sijui atamaliza lini, wala sina hakika nitakuwa hai.

Paroko nilimwomba anipumzishe ukatekista. Akasema nikawaeleze kwanza waamini. Jumapili moja, baada ya matangazo, nilisimama nikasema kwa kinywa changu haya mnayoyasoma.

Baadaye nilifungua akaunti nyingine kwa jina langu. Simu ilipoanza kukataa uso wangu, binti mmoja dukani akaniambia, "Babu, toka nje kwenye mwanga." Nikatoka nje. Ikanikubali palepale. Hatua tatu tu... Nilikaa juu ya gunia nikalia mbele ya watu.

Ndugu wasomaji, mnaniuliza kama benki za kwenye simu pekee zinafaa? Kwa sukari na nauli, zinafaa. Mimi hii ya jina langu naitumia hadi leo, ila sijawahi kuweka humo zaidi ya elfu ishirini. Lakini fedha ya kuokoa roho ya mtu, ile ya siku ya ugonjwa, msiiweke yote mahali pasipo na mlango wa kugonga. Na nawasihi kwa machozi, mtu asijiandikishe kwa uso wa mwingine, hata awe mtoto aliyemzaa. Mkiona aibu ya kukataliwa na simu, ivumilieni hiyo aibu. Ni ndogo.

Mama Klara halimi tena. Anakunywa uji mara tano kwa siku, nami ndiye ninayeupika. Wakati mwingine akiwa anazungumza hukatiza, akaweka mkono tumboni, na mimi huacha kupumua mpaka aendelee.

Mwaka huu kahawa ilipolipwa nilimpa nusu yake mkononi, noti kwa noti. Alizifunga kwenye kitenge, akatoka nazo. Sijamwuliza ameziweka wapi.