Memori Mpya na Chupa ya Chai

Sikilizeni kisa hiki, ninyi mnaoishi na wazee nyumbani, na ninyi mafundi wa kufungua vitu msioweza kuvirudisha.

Nyumbani kwa Mutahi, pale Ruring'u mjini Nyeri, asubuhi zilikuwa tulivu. Mkewe, Njoki, alifanya kazi ya kutengeneza vijitabu vya mazishi, vile vyenye picha ya marehemu kwenye jalada, historia yake, majina ya watoto na nyimbo za ibada. Kando yake alikaa mama yake mzazi, Magdaline, aliyehamia kwao kutoka Giakanja baada ya kufiwa na mumewe. Alipofika alikuwa mtu wa kukaa kitandani akitazama ukuta. Ile kazi ya binti yake ndiyo iliyomtoa chumbani. Kompyuta hakuijua, lakini koo za watu alizijua, na Njoki akisoma kwa sauti, yeye humkatiza.

"Huyo si kifungua mimba," husema. "Ukimweka juu ya dada yake utaleta vita kaburini."

Njoki hucheka na kurekebisha. Chupa ya chai ya Magdaline ilikaa juu ya kasha la kompyuta, palipokuwa na joto kidogo, na hakuna aliyeiona kuwa na kosa.

Sasa tumtazame Mutahi, ambaye watu humwita Baba Wangui kwa jina la bintiye. Ni mtu mwema, ana duka la mbolea na mbegu, na nyumba yake haikosi kitu. Lakini ana ugonjwa mmoja, na msimcheke kwa sababu wengi wenu mnao: hapendi kuuliza. Njoki alikuwa amelalamika kwamba kompyuta inasuasua akiweka picha kubwa. Mutahi akanunua kimyakimya memori mpya, kile kibao chembamba cha ndani kinachoipa kompyuta nguvu ya kubeba kazi kubwa, ili amfurahishe. Jumamosi moja, wanawake wakiwa kwenye mkutano wa kanisa, alifungua kasha akaichomeka kando ya ile ya zamani. Kompyuta ikawaka vizuri kabisa.

Angeishia hapo, mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini alikuwa ametazama video kwenye simu, ya kijana anayeonyesha namna ya kuingia kwenye setingi za ndani, zile zinazofunguka kabla kompyuta haijawaka kabisa, na kuongeza mwendo wa memori. Kwenye pakiti palikuwa na namba kubwa ya kutamanisha. Mutahi akaiweka namba hiyo hiyo, akahifadhi, akazima na kuwasha.

Skrini ilibaki nyeusi. Feni ilizunguka, ikanyamaza, ikazunguka tena. Alichomoa waya akaurudisha, na bado giza ni lile lile. Aliposikia lango likifunguliwa, alifunika kasha haraka, akarudisha chupa juu yake kwa pupa hata chai kidogo ikamwagika, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda bustanini kuangalia sukuma wiki.

"Imekataa kuwaka," Njoki alisema baada ya kubonyeza mara kadhaa. Akainua chupa, akaona chai imelowesha kasha. "Mama, hii chupa yako imemwagika. Chai imeingia kwa kompyuta."

Magdaline alitazama mikono yake. "Ni kweli nilijimiminia kabla tutoke," alisema polepole. "Siku hizi inatetemeka. Ni mimi nimeharibu."

Mutahi alikuwa amefika mlangoni. Hapo ndipo palikuwa pa kusema, na maneno machache yangetosha. Mnajua jinsi mama mkwe anavyoheshimiwa kwetu. Mutahi hangethubutu kumpandishia sauti hata siku moja. Kunyamaza, hata hivyo, alithubutu.

"Jumatatu nitaipeleka kwa fundi," alisema, akaondoka.

Jumapili Magdaline hakuja mezani. Njoki, aliyekuwa akiandika kijitabu kwa kalamu, alimwita amsaidie na jina la ukoo fulani, naye akajibu kutoka chumbani, "Uliza mtu mwingine. Mimi nitakukosesha." Jioni walimkuta akikunja nguo zake na kuzitia kwenye begi.

"Narudi Giakanja," alisema. "Kule hakuna kitu naweza kuharibu."

Njoki alilia jikoni. Mutahi alimsikia, lakini hakwenda kukiri. Aliona aibu, na kadiri alivyochelewa ndivyo aibu ilivyozidi.

Jumatatu alibeba kompyuta hadi kwa Hasmukh, mwenye duka la kompyuta, ambako binti yake, Krupa, ndiye fundi.

"Imefanya nini?" Krupa akauliza.

"Iliingia chai," Mutahi alijibu.

Krupa alifungua, akamulika ndani. "Chai gani, Baba Wangui? Huku ndani ni kukavu. Lakini naona memori mpya. Uligusa setingi?"

Mutahi alitazama barabarani. "Niliongeza mwendo kidogo."

"Kidogo, ama ile ya pakiti?"

"Ya pakiti."

Krupa hakumcheka. Alizima umeme, akachomoa memori mpya, kisha akatoa betri ndogo ya duara iliyo ndani, inayotunza setingi. Aliiweka kando kwa muda, akairudisha na kuwasha. Skrini ikang'aa, na vijitabu vya Njoki vikatokea vyote, hata kile ambacho hakijakamilika.

"Hakuna kitu imepotea," alisema, akizima tena na kurudisha memori mpya. "Hii ya zamani haiwezi mwendo wa hii mpya, kwa hivyo wacha zote zitembee na ile ya polepole. Siku ingine badilisha kitu moja, ujaribu, ndio uguse ingine. Na ungenipigia simu uniambie ukweli, ningekusaidia ukiwa nyumbani."

Njiani Mutahi alijaribiwa. Angeweza kusema fundi ameikausha chai, na mambo yakaisha vizuri bila yeye kuumia. Nani angejua?

Alimkuta Magdaline amekaa sebuleni, kitambaa kichwani, sweta imefungwa hadi shingoni, begi miguuni.

"Imepona?"

"Imepona, Mama."

"Mungu ni mwema. Basi nipeleke stegi nipande matatu, nisiwaharibie tena."

Mutahi aliweka kompyuta chini. Akakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Mama, si chai," alisema. "Ni mimi. Niliweka memori mpya, nikaguza setingi nisizozijua, ikazima. Hata ile chai ni mimi niliimwaga. Niliogopa kusema."

Njoki alikuwa ametoka jikoni. "Umewacha mama yangu apange nguo, na ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Hakujitetea, na hilo angalau tumpe. Njoki akageuka akamshika mama yake. "Hata mimi nilikulaumu kabla niulize. Nisamehe, Mama."

Magdaline aliinua mikono yake, akaigeuza huku na huku.

"Kwa hivyo mikono yangu iko sawa," alisema, na machozi yakamtoka.

Alipojifuta aligeukia mkwewe. "Baba Wangui, rudisha hiyo begi chumbani. Halafu utuwekee kompyuta mezani. Kuna marehemu anangoja, na watoto wake wamepangwa vibaya."

Siku hizi chupa ya chai ina kimeza chake, alichokitengeneza Mutahi mwenyewe. Kimeenda upande kidogo, lakini chupa haijaanguka.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kompyuta ile ilipona mara tu fundi alipoambiwa kilichobadilishwa. Kosa likisemwa mapema huwa dogo. Likifichwa, humtafuta mtu wa kulibeba, na katika nyumba nyingi mtu huyo ni mzee. Kitu kikipotea, ni yeye. Kikivunjika, ni yeye. Kibaya zaidi ni kwamba mzee akilaumiwa huamini. Hujiona amekuwa mzigo, akaanza kujitenga na meza iliyokuwa ikimpa uhai.

Kwa hiyo usiguse usichokijua kabla ya kuuliza, na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Na mzee wenu akisema, "Ni mimi nimeharibu," msimkubalie haraka. Kwanza mtafuteni yule aliyetoka nje kuangalia sukuma wiki.